Kanda ya shangazi: kisa cha msanii aliyeacha kazi zisizo na jina lake

Siku ya hitma ya shangazi nilikuwa karibu na mlango wa ndani nagawa kahawa na kaimati, na maneno niliyoyasikia siku ile ndiyo yaliyonisukuma niandike haya yote. Kwenye mkeka mmoja walikaa kina mama waliopakwa hina naye siku za harusi zao, na wao shangazi kwao ni hina tu, mmoja anasema mkono wa marehemu ulikuwa mwepesi hata hujui kama unapakwa. Mkeka wa pili walikaa waliokuwa wakishona kofia pamoja naye, hawa habari ya hina wanaijua juu juu, wao wanazungumzia kofia. Halafu pale uani bibi mmoja anataja maneno ya wimbo wa harusi anasema haya yalitungwa na marehemu, mwenzake akabisha kabisa, akamwambia hapana, hiyo nyimbo ni ya fulani, akamtaja mwimbaji ambaye Mombasa nzima inamjua. Nikasimama pale na sinia mkononi. Nikajiuliza hawa watu wamekuja kwenye hitma moja kweli?

Maana yeye alikuwa wote hao. Alipaka hina, alichora kofia na kuzishona, alitunga mashairi, alitunga maneno ya leso, aliimba, alipiga tari, na vikuba alifunga mwenyewe asumini na mkadi na rehani mpaka nyumba nzima inanukia kabla hujafika mlangoni. Na katika kazi zote hizo hakuna hata moja iliyokuwa na jina lake. Hapo ndipo penye kisa. Nitaeleza tulivyojaribu kumkumbuka, tulivyokosana kwa ajili ya kanda moja, mimi nilivyoharibu, na tulipofikia.

Shangazi alizaliwa Mji wa Kale, Kibokoni, kabla ya uhuru. Alisoma chuo cha Qur'ani akahitimu, shule ya serikali alikwenda miaka michache tu kisha akatolewa, kama walivyotolewa wasichana wengi wa wakati wake. Kwa hivyo kuandika kwake kulikuwa ni Kiswahili kwa hati za Kiarabu, hivyo ndivyo alivyofundishwa na mamake, na alifundishwa vizuri. Nyumbani kwao kulikuwa na redio na yeye alikuwa akitusimulia Sauti ya Mvita ilivyokuwa ikisikilizwa na mtaa mzima kwa redio moja, na watoto wa kike wakiwa ndani wanashika maneno ya nyimbo kwa kichwa. Bibi zake walikuwa watu wa lelemama, ile ngoma ya wanawake, wa zama zile vyama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vikishindana kwa nyimbo, mafumbo na mavazi, na hata uzeeni alikuwa akijua mafumbo ya pande zote mbili. Aliolewa, akazaa watatu, wa kiume mmoja na wa kike wawili, mumewe akafariki mapema, na wale watoto watatu aliwalea kwa mikono yake miwili. Alikufa na miaka 78, akazikwa Kikowani.

Sasa nianze na kofia kwa sababu kofia ndiyo iliyonifungua macho. Kofia ya viua anayeivaa anaona kofia, lakini kuna kazi mbili pale na mara nyingi ni za watu wawili. Kuna anayechora na kuna anayeshona. Shangazi alikuwa anatandika bafta nyeupe juu ya ubao wa kukatia mboga, anachukua penseli iliyochongwa kwa wembe, anaanza na duara la juu, anagawa kwa macho tu bila rula, maua manane, katikati ya ua na ua anaweka vidoto, kisha ukanda wa pembeni unafuata mpangilio ule ule. Akimaliza kuchora, nguo inakwenda kwa mwanamke mwengine, naye atakaa nayo wiki kadhaa au miezi anazungushia uzi kila kijitundu. Kofia ikitoka inauzwa, mnunuzi anajua bei, na labda anajua nani kashona. Aliyechora hamjui. Nilimuuliza siku moja mbona huweki alama yako, hata nukta moja pembeni, akaniambia, "Mwanangu, mwenye kujua mkono wangu ataujua." Wakati ule niliona jibu limekamilika. Siku ya hitma nikaona wanaoujua ule mkono wamebaki wanne, na mdogo wao ana miaka 65.

Hina ni zaidi ya hapo, kwa sababu kofia utaiweka kabatini lakini hina haiwekeki. Yeye majani ya mhina alikuwa anatwanga mwenyewe, anachekecha kwa kitambaa chepesi, anachanganya na limau na chai ya rangi iliyochemka sana, anafunika mpaka kesho yake. Piko ile nyeusi hakuipenda, maana ni unga wa kutia nywele rangi na ndani yake kuna kemikali ya PPD inayochoma ngozi za watu wengine vibaya, malengelenge mpaka makovu. Bi harusi akitaka piko kwa lazima alikuwa anamtia doa moja dogo kifundoni siku mbili kabla, akiona pamevimba hapaki, hata mamake bi harusi akasirike namna gani. Na watoto hakuwapaka piko kabisa, hata siku ya Idi. Katika maisha yake sijui kapaka mikono mingapi, na yote ilitoka baada ya wiki mbili.

Na nyimbo ndio usiseme. Mombasa inajua kuwatofautisha mtunzi na mwimbaji, hilo si geni kwetu. Muulize mzee yeyote wa baraza atakwambia Juma Bhalo aliimba mashairi mengi ya Ahmad Nassir, na atakutajia ni yapi, maana Ahmad Nassir alikuwa na kitabu na jina lake lilisemwa hadharani. Lakini mwanamke aliyekaa chumbani Kibokoni akatunga beti sita, akampa shoga yake akaimbe kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake ya harusi, shoga akampa mwengine, wimbo ukafika mpaka kwa mwimbaji wa kanda, huyo nani atamtaja? Sisemi waliiba. Shangazi mwenyewe alikuwa akitoa, na akifurahi sana akisikia beti zake zinapita barabarani kwenye redio ya matatu. Nasema tu kwamba njia iliyoyabeba mashairi yake haikuwa na mahali pa kubebea jina.

Basi baada ya hitma, binti yake mkubwa, ambaye mimi namwita da mkubwa, akafungua chini ya kitanda akatoa mkebe wa biskuti ule wa bati. Ndani mlikuwa na madaftari matatu na kanda kumi na moja. Kabla hatujafika hapo tulikuwa tumeshafanya kosa letu la kwanza, kosa la nyumba nyingi: nguo za marehemu zilitolewa sadaka wiki ile ile ya kwanza, na sadaka ni jambo jema wala silipingi, lakini leso zake tulizitoa pamoja na nguo bila ya hata kuzipiga picha. Zilibaki sita, kwa sababu tu zilikuwa kwa fundi zinakungwa.

Leso ina pindo pembeni, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno ya chini. Ukienda Biashara Street utakuta mpaka leo leso zenye chapa ya K.H.E., Mali ya Abdulla, duka ambalo liko tangu 1887, kwa hivyo jina la mwenye mali linakaa miaka na miaka juu ya nguo. Mwenye maneno hayumo. Muuzaji ambaye shangazi alikuwa akimpelekea maneno ni mwengine na duka lake limefungwa zamani, na malipo yalikuwa leso pea moja kwa kila jina litakalochapwa. Sasa utajuaje jina lipi ni lake? Tulikaa siku mbili hatujui. Aliyejua ni da mdogo, akaanza kuhesabu kwa vidole kama tulivyokuwa tukimuona mamake anahesabu. Moja ya zile sita imeandikwa hivi:

Nazi nimekuna mimi, tui wamekunywa wao

Hesabu. Mizani nane, yaani silabi nane, kisha mizani nane. Ni mshororo mzima wa shairi. Majina mengi ya leso ni methali au maneno ya kawaida, yanaingia vyovyote ilimradi yatoshe, lakini yeye mkono wake ulizoea shairi na hata akitaka kumpiga mtu kijembe kwa leso anampiga kwa mizani kumi na sita. Tukachukua nyingine: "Ulokiona jikoni, sikiseme barazani." Nane na nane tena. Tukawaomba jamaa wote watutumie picha za leso kuukuu, zikaja picha 40 na kitu, tukahesabu. Mizani peke yake si ushahidi, mtu mwengine naye aweza kutunga kumi na sita, kwa hivyo kila iliyotimia tulitafuta mtu wa kutuambia alimsikia shangazi akiitunga au alikwenda naye dukani. Zilizopita njia zote mbili ni tisa. Tisa zina jina lake sasa, kwenye daftari letu.

Madaftari yalitushinda mwanzo. Sisi Qur'ani tunasoma, lakini Qur'ani ina irabu zote. Mwandiko wa shangazi hauna irabu nusu yake, na juu ya hayo hati za Kiarabu hazikuumbwa kwa Kiswahili, herufi ya ba katika maandishi ya kizamani yaweza kuwa b, yaweza kuwa p, yaweza kuwa mb, na wewe msomaji ndiye utakayeamua kwa kujua lugha. Tulikuwa tunasoma "bamba" jioni nzima mahali ambapo ni "pamba", na tunashangaa mbona ubeti hauna maana. Tukaenda kwa bibi mmoja jirani, ana miaka 80 na zaidi, miwani yake imefungwa kwa uzi, yeye akasoma ukurasa mzima kama anayesoma barua ya jana. Huu ubeti nauweka hapa kwa sababu sote tulinyamaza aliposoma:

Hina hukaa na siku, kisha huenda na maji
Wimbo huimbwa usiku, sifa hupewa mwimbaji
Leso yachakaa huku, jina labaki na mji
Wanangu nanyi wajuku, nataka dua si taji

Kwa hivyo alijua. Miaka yote ile tuliyodhani hajali, alijua hasa kinachotokea na kazi zake, na akaandika.

Sasa kanda. Kumi na moja, nane hazifai, tatu ziliota ukungu kwa unyevu wa huku kwetu na tano zilirekodiwa juu, unasikia sekunde chache za tari halafu mtangazaji wa mpira anaingia, hiyo ni kazi ya sisi watoto wakati ule na hatukukatazwa kwa sababu hatukuambiwa ni nini. Mbili ni za mawaidha. Moja ilikuwa tofauti. Kanda ya dakika 60, na juu yake vile vijiplastiki viwili vya pembeni vimevunjwa. Wa zamani mnajua, ukivivunja vile rekoda haikubali tena kurekodi juu yake. Upande mmoja ina karatasi ndogo imeandikwa kwa kalamu ya wino, hati zile zile za Kiarabu, maneno mawili. Hatukuyasoma. Tulikuwa na haraka ya kusikia.

Nikaitia kwenye rekoda ya zamani nyumbani kwangu. Mwanzo ulikuwa unavuta, sauti nzito kama ya mwanamume aliyelala, nikapeleka mbele. Katikati ikasafika kidogo na nikamsikia. Kupamba, miaka ya 1980, wanawake wanapiga tari na vugo, ile milio ya pembe inagongwa, na shangazi yuko mbele anaimba beti zake mwenyewe na wenzake wanaitikia. Kwa miaka yote nilijua anaimba lakini nilikuwa sijamsikia akiimba kwa nguvu zake zote. Nililia. Na katika hali ile ya kulia nikafanya lile ninalojuta mpaka leo, nikachukua simu nikarekodi sekunde arubaini nikatuma kwenye grupu la WhatsApp la familia.

Grupu la familia lina wanaume, wana wa ami, mashemeji, waume za mabinamu. Jioni ile ile sauti ikatoka, mmoja kampelekea mwenzake kwa mapenzi tu, "msikie bibi yetu", na kabla ya isha tukaambiwa imefika kwa mtu Likoni ambaye hatuna udugu naye. Kaka mkubwa, yaani mwanawe shangazi, alinipigia simu. Hakunikaripia. Aliniambia, "Mamangu alijisitiri miaka sabiini na nane. Wewe umemfunua kwa sekunde arubaini." Akakata.

Hapo familia ikagawanyika na tulikaa karibu miezi miwili tunaandikiana maneno mazito. Da mdogo alitaka kanda yote iwekwe YouTube pamoja na jina la mamake, picha ya kofia zake, kila kitu. Hoja yake ilikuwa na nguvu na nilikuwa upande wake. Alisema Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 akarekodi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutoa santuri, na Shaaban Robert akaja kuandika wasifu wake, na ndiyo maana leo mtoto wa shule anamjua mwanamke ambaye hakujua kusoma. Mama tukimnyamazia baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua kama alizaliwa. Kaka akamjibu, Siti alichagua mwenyewe, aliimba mbele ya watu wanaume na wanawake, mbele ya masultani, na hiyo ilikuwa njia yake. Mama hakuchagua hivyo. Hata mara moja hakuimba mahali penye wanaume, na alipata nafasi akakataa, na sasa hawezi kutetea neno lake. Yeye kaka pia ana hofu ya dini, anaona kila atakayesikiliza visivyo mzigo unamfuata mamake kaburini, na mtu ukimpenda mamako hofu hiyo ni ya kweli, si ya kuibeza.

Nilikuja kuona tulichanganya mambo mawili. Jambo moja ni kumtaja na jingine ni kumtoa hadharani. Kumtaja kila mtu alikuwa anakutaka, hata kaka. Alichokuwa akikataa yeye ni sauti. Na sisi tulikuwa tunabishana kama vile ni lazima yawe yote au yasiwe hata moja.

Mmoja wetu akaleta habari ya sheria, nayo ilisaidia kwa kiasi chake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda tungo kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na haki hiyo hurithiwa kama mali nyingine inayohamishika. Maana yake mashairi ya shangazi hata kama hayakuchapwa popote yana mwenyewe, na wenyewe sasa ni warithi. Ukienda kwa mirathi yetu, mumewe na wazazi wake wametangulia, wamebaki mwana na mabinti wawili, mwana ana mafungu mawili na kila binti fungu moja. Nusu kwa nusu. Hakuna aliye na nguvu ya kumshinda mwenzake, kwa hivyo sheria yenyewe ilikuwa inatuambia tukae tukubaliane. Lakini sheria haikuwa na neno la kusema juu ya sitara, na ugomvi wetu ulikuwa hapo.

Aliyeumaliza ni yule bibi jirani. Da mkubwa alimpelekea ile kanda mkononi, kwa jambo jingine kabisa, alitaka amtambulie sauti za wanaoitikia. Bibi akaigeuza, akasogeza miwani, akasoma ile karatasi ndogo. "Ya wake," akasema. Ya wanawake. Kisha akapitisha kidole juu ya pale palipovunjwa plastiki akasema, "Na hapa kavunda ili isifutwe."

Fikiria, miezi miwili. Jibu lilikuwa limebandikwa juu ya kanda yenyewe. Alitaka iwekwe, akavunja vile vijiplastiki kwa makusudi kwenye hiyo moja tu katika kumi na moja. Na alitaka ijulikane ni ya nani, akaandika. Kama tungekuwa tunasoma hati ambayo bibi zetu wote walikuwa wanaisoma, ile klipu ya sekunde arubaini nisingeituma, na kaka asingelala na uchungu ule.

Hapo da mdogo mwenyewe akatukumbusha utendi wa Mwana Kupona, ule wa 1858 aliomtungia bintiye Mwana Hashima, maneno ya mama kwa mwanawe ndani ya nyumba, na bado mwishoni anawaomba wanawake wausome. Yaani mtu anaweza kuwa na wasikilizaji wake, akawataja, na hao wakawa wengi tu bila ya kuwa ulimwengu mzima. Na hapa Mombasa tuna mfano wa karibu zaidi, wale wanawake watatu waliosimulia maisha yao kwa Sarah Mirza na Margaret Strobel, ikatoka kitabu 1989 na toleo la Kiswahili 1991. Walizungumza na wanawake wenzao, na kilichotufikia sote ni maandishi.

Tukakubaliana hivyo. Maneno yote, ya mashairi, ya nyimbo na ya leso, yanaandikwa kwa hati za kawaida, pembeni na picha ya ukurasa wake wenyewe, na jina lake kamili juu, na hayo yanatoka kwa kila mtu. Kaka ndiye aliyejitolea kulipa uchapaji, na ndiye aliyesisitiza ule ubeti wa dua si taji uwe wa kwanza. Sauti inabaki kwa wanawake, inasikizwa kwenye mkusanyiko, haitumwi. Hina tunaichora upya kutoka kwa kumbukumbu za waliopakwa, wanakaa chini na kalamu na kuchora kwenye karatasi iliyokatwa kama kiganja, na ajabu ni kwamba mwanamke wa miaka 60 anakumbuka ua lililokuwa juu ya kidole gumba chake siku ya harusi yake. Kofia tumepata tatu zenye mchoro wake, zimethibitishwa na wale wanne.

Kuitengeneza kanda pia kulikuwa na mtihani wake kwa sababu mafundi ninaowajua wote ni wanaume. Fundi mmoja wa redio Majengo alituelewa tangu tulipomueleza mara ya kwanza, hakuuliza maswali. Alikuja nyumbani, akatoa mkanda wa mpira wa rekoda ambao ulikuwa umelegea, ndio uliokuwa ukiivuta sauti, akatia mpya, akasafisha kichwa cha kusomea kwa spiriti na pamba ya masikio, akajaribu kwa kanda ya taarab aliyokuja nayo mwenyewe mpaka akaridhika na mwendo. Akamfundisha da mkubwa kuizungusha kanda kwa biro taratibu mbele na nyuma ili isijikunje, akamuonyesha waya unaingia wapi kwenye kompyuta, faili ya WAV, 48 kHz biti 24, kisha akachukua mfuko wake akaenda zake kunywa kahawa. Kanda ya shangazi iliingia kwenye rekoda baada ya yeye kutoka. Ikachezwa mara moja tu, pande zote mbili, saa moja kamili, na sasa kuna nakala tatu kwenye flashi tatu, nyumba tatu.

Ijumaa iliyopita ndiyo tuliyoisikiliza kwa mara ya kwanza kwa jumla. Tulikuwa wanawake ishirini na saba sebuleni Kibokoni, chetezo kinafuka udi, simu zote zimetiwa kwenye kikapu na kikapu kimepelekwa jikoni. Wale wanne wa kofia walikuwepo, na bibi jirani akawekewa kiti karibu na spika. Wajukuu wawili wa shangazi wamekaa mbele kabisa. Mimi nilikuwa nasubiri ule wimbo wa katikati niliousikia siku ile, maana mwanzo sikuwahi kuusikia, ulikuwa unavuta nikaupita.

Mwanzo wake si wimbo. Ni wanawake wanaongea wote kwa pamoja, mtoto analia, tari inapashwa moto, mtu anauliza sukari iko wapi. Kisha sauti ya shangazi karibu kabisa na rekoda, safi, kijana, anacheka huku anasema, "Fungani dirisha hilo, wana wa watu wapita ndiani."

Da mkubwa akainuka akaenda akafunga dirisha.